Unakunywa hapa au unaondoka nayo?

Shira ya cheri ilikuwa tayari chini ya glasi, nyekundu, kina cha vidole viwili. Mhudumu alikuwa ameshaushika mpini wa bomba. Kabla hajauvuta, akamtazama mteja aliyesimama mbele yake na funguo za gari mkononi, akauliza: "Unakunywa hapa au unaondoka nayo?"

Anaondoka nayo.

Shira ikahamishiwa kwenye kikombe cha karatasi, maji ya soda yakafuata, kifuniko kikabanwa, mrija ukachomekwa. Mteja akarudi barabarani. Stuli iliyokuwa ubavuni mwake ikabaki wazi.

Hapakuwa na kosa lolote. Swali hilo linaulizwa kwenye kila kaunta ya Marekani kutwa nzima, na jibu ni hiari ya mteja. Hata hivyo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu mbili ambazo mwanzoni niliziweka mbalimbali. Moja ni ya gesi na maji. Nyingine ni ya nani aliruhusiwa kukaa. Nikizifuata zote mbili hadi mwisho wake, naona zinakutana mahali ambapo sikutarajia, kwenye kifungu cha sheria ya mwaka 1964.

Kinywaji kisichosafiri

Afrika Mashariki tumeizoea soda ya chupa. Kizibo kinang'olewa, unakunywa umesimama mbele ya duka, kwa sababu chupa ni mali ya mwenye duka na haitoki pale. Kaunta ya soda ya Kimarekani nayo ilikuwa na sharti la kunywa hapohapo, ila sababu yake ilikuwa ndani ya kinywaji chenyewe.

Pale soda haipo mpaka uiagize. Kuna shira kwenye vipampu vidogo vilivyopangwa safu, kuna bomba la maji yenye gesi, kuna barafu na aiskrimu. Mhudumu anaviunganisha mbele ya macho yako. Kwa karibu miaka mia moja, tangu katikati ya karne ya 19, hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kawaida ya Mmarekani kunywa soda, na mara nyingi ilikuwa ndani ya duka la dawa. Coca-Cola ya kwanza iliuzwa hivyo, Mei 8, 1886, katika duka la dawa la Jacobs huko Atlanta, senti 5 kwa glasi. Dr Pepper ilizaliwa mwaka mmoja kabla kwenye duka la dawa huko Waco, Texas. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, kaunta hizi ziliwapokea pia watu waliokuwa wamezoea kukutana baa.

Sasa gesi. Kaboni dioksidi hukaa ndani ya maji kwa mambo mawili: baridi na presha. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, lita moja ya maji iliyo chini ya gesi hiyo kwa presha ya kawaida ya hewa hubeba takriban lita 1.7 za gesi. Kwenye nyuzi 20 hubeba chini ya lita 0.9, karibu nusu. Maji ya bomba la soda yameshindiliwa gesi kupita viwango hivyo, kwa hiyo tangu yanapotoka mdomoni mwa bomba, gesi imeshaanza kwenda zake.

Huwezi kuizuia. Unaweza kuichelewesha tu.

Joto linaiharakisha, mtikiso unaiharakisha, na kila kitu chenye ukwaru, kama barafu iliyopondwa au aiskrimu, kinaipa mahali pa kuanzia viputo. Gari lina vyote vitatu. Kifuniko cha plastiki chenye tundu la mrija hakizuii presha yoyote, kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike kwenye kiti. Glasi nzuri ya kaunta ya soda ina maisha ya dakika tano, kumi ukiwa mvumilivu. Baada ya hapo unakunywa maji ya sukari yenye kumbukumbu ya gesi.

Chini ya kaunta

Wapita njia hupiga picha sehemu ya juu: vioo, nikeli inayong'aa, mikono ya bomba iliyopinda kama shingo ya bata. Kinachoamua ladha kimefichwa chini.

Maji ya bomba la mji yanachujwa kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na gesi harufu yake inapanda moja kwa moja puani. Kisha pampu inayasukuma kuingia kwenye tangi dogo la chuma cha pua ambalo tayari lina kaboni dioksidi. Regyuleta ya mtungi, yaani kidhibiti cha presha, kwa kawaida hufungwa karibu na paundi 100 kwa inchi mraba, mara tatu ya presha ya tairi la gari dogo. Pampu lazima isukume kwa nguvu zaidi ya hiyo, la sivyo maji hayaingii.

Mtungi ukiisha gesi katikati ya kazi, pampu haijui. Inaendelea kujaza tangi kwa maji matupu. Mhudumu anabadilisha mtungi, anavuta bomba, na maji bado yamepooza, naye anaanza kulaumu mtungi mpya. Tatizo ni tangi: limejaa maji yasiyo na gesi, na juu yake imekaa hewa iliyochukua nafasi ya gesi. Dawa yake ni kuyamwaga maji hayo kwa kuvuta bomba, kisha kuvuta pete ya vali ya usalama juu ya tangi sekunde chache ili hewa itoke.

Yakitoka kwenye tangi, maji yanapita kwenye bamba la baridi, bonge la alumini lenye koili za chuma cha pua ndani yake, lililolala chini kabisa ya sanduku la barafu. Barafu lazima iliguse bamba. Ikiachwa bila kuguswa, ile ya chini inayeyuka, ya juu inashikana, na katikati panabaki uwazi. Ukitazama kwa juu sanduku limejaa, kumbe bamba halina kitu. Dalili yake inaonekana kwenye glasi: povu jingi la haraka, kisha kinywaji kilichokufa. Mhudumu anayejua kazi huichoma barafu kwa koleo kila baada ya muda bila kuambiwa. Nikimwona mtu akifanya hivyo, naagiza bila wasiwasi.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakuna anayekitazama, nacho ndicho kinachonihusu kuliko vyote: vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Maji yenye gesi ni asidi. Yakipenya kurudi kwenye mabomba ya shaba ya jengo, yanayeyusha shaba, na glasi inayofuata inaweza kumtapisha mtu. Ndiyo maana mabomba yote baada ya tangi ni ya chuma cha pua au plastiki, na vali hiyo inatakiwa kukaguliwa. Duka linalokarabati mashine ya zamani kwa mapenzi makubwa na kuacha kipande cha shaba "kwa sababu ni cha asili" linahatarisha watu.

Jiwe juu, jiwe chini

Kabla ya mitungi, gesi ilitoka kwenye mawe. John Matthews, fundi aliyetoka Uingereza, alianza kutengeneza mitambo yake New York mwaka 1832: chombo kilichofunikwa madini ya risasi kwa ndani, marumaru iliyosagwa, na asidi ya salfa. Asidi ikigusa marumaru, gesi inachemka na kinachobaki ni jasi. Kilo moja ya marumaru safi hutoa gramu 440 za kaboni dioksidi, ambazo kwa hesabu tupu zinatosha zaidi ya lita 50 za maji makali ya soda. Kwa vitendo nyingi ilipotea, na chombo kibovu kiliweza kulipuka. Hali ilibadilika baada ya Jacob Baur kuanzisha kampuni yake ya gesi ya kimiminika Chicago mwaka 1888. Tangu hapo mwenye duka aliletewa mtungi, na asidi ikaondoka sebuleni.

Jambo ninalolipenda hapa ni kwamba kaunta yenyewe ilikuwa marumaru. Jiwe lilelile lililoyeyushwa chini ili kutoa gesi lilikuwa juu likipokea glasi. Na asidi haichagui. Tone la limau au la fosfeti, kiungo cha uchachu cha vinywaji hivi, likianguka juu ya marumaru na kuachwa, linakula uso wake.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kaunta inayodaiwa kuwa ya zamani, inamisha kichwa mpaka jicho liwe usawa wa jiwe, taa ikiwa upande wa pili. Usitafute uchafu. Tafuta sehemu zilizopoteza mng'ao: miduara hafifu ya ukubwa wa kitako cha glasi, na mbele ya mkono wa bomba, michirizi myembamba pale ambapo vidole vyenye shira ya limau vilipita miaka na miaka. Pitisha kidole. Sehemu iliyopolishwa inateleza, iliyoliwa inakwaruza kidogo, kama karatasi ya daftari. Kaunta isiyo na alama hata moja ama imepolishwa upya au ni jiwe la kiwandani. Alama hizo ni ushahidi kwamba watu walikunywa hapo, na ukarabati unaozifuta zote siupendi.

Mkono kwenye mpini

Mkono wa bomba la kweli una njia mbili. Mpini ukivutwa mbele, maji yanatoka mapana na laini. Ukisukumwa nyuma, yanatoka membamba kama sindano, kwa nguvu. Kazi nzima ya mhudumu iko kati ya njia hizo mbili.

Chukua fosfeti ya cheri, kinywaji kinachopima duka kuliko chochote. Mililita 45 za shira chini ya glasi iliyopozwa. Mililita 2 hadi 3 za fosfeti ya asidi, mchanganyiko wa asidi ya fosforiki na chumvi za madini ambao mkemia Eben Horsford wa Harvard aliusambaza karne ya 19. Limau linaleta uchachu pamoja na ladha yake. Fosfeti inaleta uchachu peke yake, na cheri inabaki cheri. Kisha maji laini hadi robo tatu ya glasi, kijiko kirefu kinapita chini mara moja na kupanda, na mwisho sindano fupi ya kuinua povu. Jumla kama mililita 300.

Anayeanza na sindano anaharibu. Inapiga shira, povu linajaa glasi, anadhani imejaa, na linapotulia una nusu glasi. Asiyepitisha kijiko anaharibu kwa namna nyingine: funda la kwanza maji, la mwisho asali.

Aiskrimu soda ni ngumu zaidi. Inadaiwa ilianzia Philadelphia mwaka 1874, na kanuni yake kubwa ni mpangilio. Shira kwanza, kisha kijiko kimoja cha aiskrimu kinachopondwa ndani ya shira mpaka iwe uji. Maji laini yanafuata hadi robo tatu. Ndipo bonge la aiskrimu linawekwa, na linatakiwa kuning'inia kwenye ukingo wa glasi, nusu ndani nusu nje, lisizame. Aiskrimu ina hewa, mafuta na protini. Ikitumbukizwa kwenye maji yenye gesi yote kwa mpigo, gesi inatoka kwa fujo na kaunta inaoga. Ile iliyopondwa mwanzoni inalainisha maji kabla bonge halijafika.

Kimea, kinywaji kizito cha aiskrimu, maziwa na unga wa kimea, ni habari nyingine, hakina gesi kabisa. Aiskrimu vijiko vitatu au vinne vya namba 16, yaani kama mililita 60 kila kimoja, maziwa mililita 120, shira mililita 45, na vijiko viwili vya mezani vilivyojaa vya unga wa maziwa ya kimea. Unga huo tunaujua: kampuni ya ndugu wawili wa ukoo wa Horlick, waliotoka Uingereza, ilianza Chicago mwaka 1873, kisha ikahamia Racine, Wisconsin, na jina lao bado liko kwenye makopo ya majikoni kwetu. Mashine inayofaa ni ile ya mhimili mmoja na kikombe cha chuma, ambayo Hamilton Beach waliileta mwaka 1911. Blenda inasaga na kupasha moto. Mhimili unakoroga na kuacha uzito. Aiskrimu iwe kwenye nyuzi 12 hadi 14 chini ya sifuri. Ikitoka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mashine inakwama, mhudumu anaongeza maziwa ili aiokoe, na unaletewa maziwa baridi yenye sukari. Kikombe cha chuma kiletwe mezani pamoja na glasi, kwa sababu kilichobaki ndani ni chako.

Shaka

Baada ya haya yote, nilijiuliza kama najidanganya.

Chupa inashinda kwa gesi. Tangu William Painter wa Baltimore apate hataza ya kizibo cha bati mwaka 1892, presha iliweza kufungiwa na kusafirishwa, na mwaka 1894 Joseph Biedenharn akaanza kutia Coca-Cola kwenye chupa huko Vicksburg, Mississippi. Soda ya chupa iliyopozwa vizuri, ikifunguliwa sasa hivi, mara nyingi ina gesi nyingi kuliko soda ya kaunta, kwa sababu kwenye kaunta shira isiyo na gesi imeingia na kuipunguza. Na maduka mengi yenye sura ya 1950 hayana hata mkono wa bomba. Yana kishikio cha plastiki chenye vitufe na mpira mrefu, na shira inatoka kwenye mfuko ndani ya boksi, sehemu moja kwa tano za maji, sawa na mgahawa wowote wa kituo cha mafuta. Umelipia stuli nyekundu na picha za zamani ukutani.

Basi mtu anaacha barabara kuu na kuendesha hadi katikati ya mji mdogo kufuata nini?

Kwa muda jibu langu lilikuwa ufundi: uwiano unaobadilishwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele yako, povu lililoinuliwa sasa hivi, fosfeti ambayo chupa haina. Ni jibu la kweli. Lakini halikulimaliza lile swali la mhudumu, na lilikuwa linaruka jambo ambalo msafiri mweusi hana haki ya kuliruka.

Stuli

Kinywaji kisichosafiri kinahitaji mahali pa kukaa. Hapo ndipo ubaguzi uliposhika.

Wichita, Kansas, Julai 1958. Katika duka la dawa la Dockum, mteja mweusi aliuziwa, ila aondoke na alichonunua. Stuli zilikuwa za weupe. Vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, walikuja wakakaa, wakaagiza, hawakuhudumiwa, wakaendelea kukaa. Walirudi kwa wiki kadhaa hadi Agosti, mpaka wenye duka wakakubali.

Oklahoma City, kwenye njia ya Route 66, Agosti 19, 1958. Mwalimu Clara Luper aliwaongoza watoto 13, mdogo wao akiwa na miaka 6, hadi kaunta ya duka la Katz. Wakaagiza Coca-Cola. Ndani ya siku chache kampuni ilifungua kaunta zake kwa wote, pamoja na za majimbo mengine.

Greensboro, North Carolina, Februari 1, 1960, miezi mitano baada ya ndege ya kwanza ya wanafunzi waliosaidiwa na Tom Mboya kutoka Kenya kutua Marekani. Ezell Blair Jr., Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond walinunua kwanza vitu vidogo kwenye kaunta nyingine za duka la Woolworth, wakapewa risiti. Kisha wakakaa kwenye kaunta ya chakula. Pesa yao ilipokelewa upande mmoja wa chumba na kukataliwa upande wa pili. Tofauti pekee ilikuwa kukaa.

Tulijue hili sisi tuliotoka Afrika, kwa sababu halikuwahusu Wamarekani Weusi peke yao. Oktoba 1957, Komla Gbedemah, waziri wa fedha wa Ghana iliyokuwa na miezi saba tu ya uhuru, alikuwa safarini kwa gari kutoka New York kwenda Washington. Akasimama kwenye mgahawa wa Howard Johnson's huko Dover, Delaware, akaagiza glasi mbili za maji ya machungwa, yake na ya katibu wake. Akaambiwa anaweza kuondoka nayo, kuinywa mle ndani haiwezekani. Aliacha pesa, akaacha na maji ya machungwa. Habari ilipofika kwenye magazeti, Rais Eisenhower alimwalika kifungua kinywa Ikulu. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, naye alikataliwa huduma kwenye mgahawa wa Route 40, Maryland, njiani kati ya miji hiyohiyo.

Unakunywa hapa au unaondoka nayo. Kwa Gbedemah halikuwa swali.

Kifungu cha 201

Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson Julai 2, 1964. Sehemu yake ya pili inataja kwa majina mahali ambapo mtu hawezi kunyimwa huduma kwa rangi yake. Kwenye kifungu cha 201, baada ya mgahawa, kantini na kaunta ya chakula, imetajwa kaunta ya soda, kwa jina lake. Na kinachoziunganisha zote, kwa maneno ya sheria, ni kwamba zinauza chakula cha kuliwa palepale.

Palepale. Nilipolisoma neno hilo, zile sababu mbili zilikutana. Waandishi wa sheria hawakuwa wanafikiria nyuzi joto wala viputo. Walikuwa wanafikiria haki ya kuketi. Lakini kinywaji hiki, kwa maumbile yake, ni cha palepale: ukimwambia mtu aondoke nacho umemuuzia kitu kingine kwa bei ileile. Yule kijana wa Wichita aliyetoka nje na kikombe cha karatasi mwezi Julai hakunyimwa stuli tu. Alilipia soda na hakupewa soda.

Tangu hapo nimeacha kuona kaunta na historia ya ubaguzi kama vitu viwili, kimoja cha kufurahia na kingine cha kuvumilia.

Ukipita I-65

Kuna Waswahili wengi sasa kati ya Kentucky na Indiana, wengi wao kutoka Kongo, na barabara ya I-65 kati ya Louisville na Indianapolis wanaijua vizuri, hasa madereva wa malori. Kwenye njia ya kutokea namba 68, kilomita kama 110 kaskazini ya Louisville, kuna mji wa Columbus. Mtaa wa Washington una duka la Zaharakos, lililoanzishwa mwaka 1900 na ndugu wa Kigiriki. Mwaka 1905 waliweka kaunta za oniksi ya Meksiko zilizokuwa zimeonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka uliotangulia. Duka lilifungwa 2006, likakarabatiwa, likafunguliwa tena 2009. Oniksi hiyo kwa kemia ni ndugu wa marumaru, kwa hiyo asidi inaiumiza vilevile. Ukimwaga kinywaji, omba kitambaa mara moja.

Lori liache kwenye maegesho makubwa karibu na barabara kuu, mitaa ya katikati ya mji haina nafasi. Epuka saa ya chakula cha mchana ukitaka kuzungumza na mhudumu. Popote utakaposimama, Columbus au kwingine, kaa kwenye stuli, usiende mezani, na anza na fosfeti kama ipo. Ni kinywaji chepesi, hakina maziwa ya kuficha kosa, na kwa funda mbili utajua maji yana baridi kiasi gani na mkono uliovuta mpini una ujuzi kiasi gani. Aiskrimu soda ifuate. Kimea kiache mwisho, nacho ndicho pekee ambacho naona ni haki kufungiwa, kwa kuwa hakina gesi ya kupoteza. Kinywe ndani ya dakika ishirini kabla hakijatengana.

Kisha uliza. Wenye maduka haya hupenda kuulizwa kuhusu mashine, kwa hiyo anza hapo: gesi inatoka wapi, shira wanapika wenyewe au inakuja kwenye boksi, mkono wa bomba ni wa mwaka gani. Ukipata majibu matatu mazuri, uliza la nne, kwa adabu, ukimtazama: stuli hizi zilianza lini kukaliwa na kila mtu?

Uliza hata kama uko kaskazini. Indiana ilikuwa na sheria dhidi ya ubaguzi kwenye migahawa tangu mwaka 1885, na kwa miongo mingi kuna watu waliingia humo na sheria hiyo wakatoka bila glasi. Kwa hiyo jibu la "sisi hatukuwa Kusini" halitoshi. Omba mwaka, na kama kuna picha ya kaunta ya zamani ukutani, omba muitazame pamoja, mtu mmoja mmoja, stuli kwa stuli.